Kula Bila Njaa



Safari hii tumechagua kuandika juu ya jambo ambalo wengi hulicheka. Katika nchi ambayo wazee wanaikumbuka miaka ya njaa, na ambako hata leo zipo nyumba zenye mlo mmoja kwa siku, mtu akisema, "Nasumbuliwa na kula," huonekana kama mtu anayelalamika kwamba ana fedha nyingi mno. Twamwambia, "Basi acha kula." Na hapo mazungumzo huisha.

Nasi tulikuwa hivyo, na yatupasa kuanza kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa Kwaresima, akina mama walikuwa wamepika kwa ajili ya wageni wa mkutano. Usiku, mtu mmoja alikwenda stoo kuchukua taa, akamkuta dada mmoja wa usharika amechuchumaa gizani, anakula ndizi zilizopoa kutoka katika sufuria kwa mikono miwili, upesi upesi, kama mtu anayefukuzwa. Kulipokucha habari ilikuwa imefika kila nyumba. Watu walicheka, wakampa jina la utani. Na sisi tuliopewa kazi ya kufundisha, Jumapili iliyofuata tulifundisha juu ya ulafi, na macho yetu yalikuwa yakimtazama yeye. Tangu siku ile hakuonekana kanisani kwa muda wa miaka miwili.

Tulipokwenda kumwona, tulikuwa tumechelewa sana, lakini alitukaribisha. Akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Ninyi mlidhani nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nalia huku nakula." Ameturuhusu kuandika haya, ila jina lake tusilitaje.

Basi swali letu ni hili: mtu anayekula bila njaa, akataka kuacha asiweze, je, huyo ni mwenye dhambi au ni mgonjwa? Na sisi tulio jirani zake, yatupasa tufanye nini?

FIMBO KATIKA NYUMBA YA MFALME

Katika kutafuta jibu tulirudi kwanza nyumbani, katika historia ya nchi yetu ya Karagwe, ambayo siku hizi imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Mwezi wa Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke, akiwa pamoja na mwenzake Grant katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alifika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe. Aliandika habari za safari hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1863, na humo ameeleza jambo lililomshangaza. Siku moja alikwenda kumtembelea Wazezeru, kaka mkubwa wa mfalme. Ndani ya nyumba aliona vyombo vingi vya maziwa, vya mti, vimewekwa mbele ya wenyeji. Karibu na Wazezeru alikuwa ameketi mkewe, naye alikuwa mnene kiasi kwamba hakuweza kusimama. Speke alipouliza, mwenyeji wake akamwonyesha vile vyombo, akamweleza kwamba unene ule ulitoka humo: tangu utoto wanawake wa jumba la mfalme hunyweshwa maziwa bila kupumzika, kwa kuwa ni desturi ya watu wakuu kuwa na wake wanene.

Baadaye Speke alimwona mwanamke mwingine wa jamaa ya mfalme, akaomba ampime. Mkono wake wa juu ulikuwa na mzunguko wa futi 1 na inchi 11, yaani sentimeta 58 hivi. Kifua chake futi 4 na inchi 4, yaani sentimeta 132. Mgeni kumpima binti wa watu kama apimavyo ng'ombe ni jambo lisilo na adabu, nasi hatulisifu. Lakini katika nyumba ile ile aliona jambo jingine, nalo ndilo tunalotaka mlishike. Binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, alikuwa ameketi anakunywa maziwa, na baba yake amekaa karibu ameshika fimbo, ili asiache kunywa.

Tufikiri kidogo juu ya msichana yule. Kama mmoja wetu angepita mlangoni akamwona anakunywa, anakunywa, wala haachi, angesema, "Tazama mlafi!" Lakini angeingia ndani na kuiona fimbo, angesema neno lingine. Msichana hakunywa kwa sababu ya tamaa. Tumbo lake lilikuwa limekwisha kukataa zamani. Alikunywa kwa sababu alikuwapo anayemlazimisha.

Desturi ile imekwisha. Hakuna nyumba ya Isingiro leo ambamo baba hukaa na fimbo ili binti yake anywe maziwa. Hata hivyo, dada yetu wa stoo alipotueleza hali yake, tulimkumbuka msichana yule. Alisema, "Nikianza, ni kama mtu yuko nyuma yangu anasema, kula, kula. Tumbo linauma, nami naendelea." Sisi hatukumwona mtu yeyote nyuma yake. Tuliona sufuria tu, tukahukumu.

UGONJWA HUU NI UPI?

Si kila anayekula sana ana shida hii. Mkulima aliyelima toka alfajiri atakula ndizi na maharage mpaka tushangae, wala hana neno. Watu wakishiba arusini, wakaongeza tena kwa sababu ya furaha, ni sherehe. Msimu wa senene ukifika mwezi wa Novemba, nani katika mkoa wa Kagera hajatia mkono mara moja zaidi ya alivyokusudia? Hayo si ugonjwa.

Waganga wa magonjwa ya akili wanaeleza alama za ugonjwa wenyewe hivi. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, na anapokula huona hana uwezo wa kuacha. Hula upesi kuliko kawaida, hula ingawa hana njaa, hula mpaka maumivu. Hula peke yake kwa kuwa anaona haya. Akimaliza hujichukia, huona huzuni na hatia. Jambo hilo likimpata walau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, waganga husema ni ugonjwa, wala si tabia mbaya tu. Chama cha waganga wa akili wa Marekani kiliupa ugonjwa huu mahali pake katika mwongozo wao wa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kabla ya hapo, mwaka 1979, mganga Gerald Russell wa London alikwisha eleza ugonjwa ulio ndugu yake, uitwao bulimia, ambamo mtu hula hivyo kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha kwa kuogopa kunenepa.

Tena mwenye shida hii si lazima awe mnene. Wako wembamba wanaoteseka, na wako wanene wasio na shida hii hata kidogo. Kwa hiyo tusimtazame mtu mwili tukadhani tumejua siri ya moyo wake.

FIMBO HUTOKA WAPI?

Sababu ya kwanza itawashangaza wengi, nayo ni njaa yenyewe. Miaka ya 1944 na 1945, vita kuu ilipokuwa ikielekea mwisho, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna ya kuwalisha watu walioharibiwa na njaa huko Ulaya. Vijana 36 waliokuwa wamekataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, wengi wao Wakristo, walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita. Uzito wao ulipungua karibu robo. Walikuwa watu wazima wenye akili na nia thabiti. Lakini mawazo yao yote yaligeuka kuwa chakula. Walizungumza chakula, waliota chakula, wengine walianza kusoma vitabu vya mapishi. Na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula mpaka kuugua, na bado walisema wana njaa. Kwa wengine hali hiyo ilidumu muda mrefu baada ya miili yao kurudi.

Basi mwili uliotishwa na njaa hausahau upesi. Kwetu wako watu waliokulia katika nyumba zenye watoto wengi waliokula pamoja juu ya jani moja la mgomba, na aliyechelewa kumeza alilala njaa. Wako waliokimbia vita mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, na wako waliovuka mpaka kutoka Rwanda mwaka 1994 bila kitu. Hatusemi kwamba kila mmoja wao ana ugonjwa huu. Twasema tu kwamba mzee akificha chakula chini ya kitanda, au akila kama anayeogopa kunyang'anywa, tumwulize kwanza alikotoka, kabla ya kumcheka.

Na hapa lipo onyo kwa wale wanaojitesa ili wapungue. Mtu hukaa tangu asubuhi hata jioni bila kula, akijiadhibu kwa kosa la jana. Usiku mwili hudai chote kwa mara moja, naye hula kuliko jana. Kesho hujiadhibu tena. Huo ni mzunguko, na adhabu ndiyo inayouzungusha.

Sababu ya pili ni huzuni. Mama aliyefiwa na mtoto, kijana aliyefeli mtihani, mke ambaye mumewe harudi nyumbani: mwingine kwa huzuni hushindwa kula, kama Hana mama yake Samweli, na mwingine kwa huzuni hushindwa kuacha. Wote wawili wana jeraha moja. Dada yetu alitueleza kwamba usiku ulianza kuwa mgumu baada ya msiba ambao watu waliusahau baada ya matanga, ila yeye hakuusahau. Nyumba ilipokuwa kimya ndipo alipokwenda jikoni. Chakula kilimnyamazisha kwa nusu saa.

Sababu ya tatu, tuseme wazi, ni sisi wenyewe. Kwetu mgeni asipoongeza chakula tunaona ametudharau. Twamwambia, "Ongeza, bado hujala," naye ameshiba. Mtoto twamchapa asipomaliza. Mtu akinenepa twasema mambo yake ni mazuri. Akipungua twanong'ona kwamba ana ugonjwa. Halafu mtu yule yule akinenepa zaidi ya tulivyopenda, twamwita mlafi. Ile fimbo ya jumba la mfalme imekwisha, lakini ukarimu usiosikia neno "nimeshiba" nao hulazimisha.

DHAMBI AU UGONJWA?

Wengine watasema, "Mkiita ulafi ugonjwa, kila mtu atajitetea. Mlevi ataugua, mwizi ataugua, hakuna atakayetubu." Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Kanisa tangu zamani limehesabu ulafi kuwa kati ya dhambi kubwa, na ulafi upo. Mtu anayejaza sahani yake hali akijua kwamba walio nyuma yake katika foleni watakosa, huyo hana haja ya mganga. Ana haja ya kutubu. Tajiri aliyekula kifahari kila siku na Lazaro yuko mlangoni, kosa lake halikuwa tumbo bali jicho lisilotazama mlangoni.

Lakini hata wazee wa Kanisa walijua kwamba jambo la chakula si rahisi. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika Maungamo yake miaka karibu 400 baada ya Kristo, wakati alipokuwa askofu tayari. Katika kitabu cha kumi anakiri kwamba bado anapigana na kula kila siku. Anaona kwamba chakula ni dawa ya njaa, ila katika kuitumia dawa hiyo tamaa hujificha nyuma ya haja, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui ni ipi inayosema. Tena aona kwamba hawezi kulikata jambo hili mara moja kwa daima, kama alivyoweza kuacha mambo mengine ya ujana. Na Yohana Kasiano, aliyewafundisha watawa karibu na wakati ule ule, alikataa kuweka kanuni moja ya kufunga kwa watu wote, kwa sababu miili haina nguvu sawa.

Hapo ndipo ilipo tofauti na ulevi. Mlevi aliyeokoka aweza kupita mbali na kilabu cha pombe maisha yake yote. Mwenye shida ya kula hawezi kupita mbali na jiko. Mara tatu kwa siku yampasa kukutana na simba yule yule, ampapase kidogo, kisha amrudishe bandani. Tusishangae akijeruhiwa.

Basi jibu letu ni hili. Hatia hupimwa kwa uhuru. Mtu aliye huru kabisa, akachagua ubaya, ana hatia kamili. Mtu aliyefungwa ana hatia ndogo, au hana. Lakini bado ana wajibu mmoja, nao ni kuupokea mkono unaomfungua. Aliyevunjika mguu hatumwambii, "Tubu kwa kuwa huendi." Wala hatumwambii, "Kaa hapo maisha yako yote, wewe huna kosa." Twamwambia, "Shika bega langu, twende kwa mganga." Kumwita mtu mgonjwa si kumpa ruhusa ya kubaki alivyo. Ni kumwambia kwamba safari yake haianzii katika kujichukia.

Nasi tumeona kwamba kujichukia hakujamponya hata mmoja. Dada yetu alijichukia miaka mingi, na sisi tulimsaidia kujichukia. Baada ya mafundisho yetu ya Jumapili ile, alituambia, alikwenda nyumbani akafunga mlango, akala kuliko siku zote.

NJIA ZA KUJISAIDIA

Hizi ni njia ambazo waganga wamezijaribu kwa miaka mingi, na nyingine tumeziona zikiwasaidia watu wetu.

Kwanza, kula kwa saa zake. Profesa Christopher Fairburn wa Oxford, aliyetumia miaka mingi kutibu ugonjwa huu, huanza hapo: asubuhi, mchana na jioni, pamoja na kitu kidogo katikati, bila kuruka mlo hata kama jana ulianguka. Hii haihitaji fedha nyingi. Uji, ndizi, maharage na mboga vyatosha. Mwili ukijua kwamba chakula kitakuja, hauna sababu ya kuiba usiku.

Pili, kuandika. Chukua daftari la shule. Andika ulichokula, saa ngapi, ulikuwa wapi, na moyo ulikuwaje. Baada ya majuma mawili matatu utaona njia ambayo fimbo hupitia. Mmoja aliona kwamba ni kila siku ya mnada, akirudi na fedha pungufu, akiogopa maneno nyumbani. Alipojua hivyo, alijua pa kuweka mlinzi.

Tatu, kula mezani au mkekani pamoja na wenzako, katika sahani, umekaa. Usile stoo, usile umesimama, usile kutoka katika sufuria. Ugonjwa huu hupenda giza na upweke.

Nne, kungoja kidogo. Hamu ikija, usiseme, "Sitakula kamwe." Sema, "Nitangoja robo saa." Toka nje, nenda kisimani, palilia mgomba mmoja, mwite jirani. Hamu hupanda kama mawimbi, na mara nyingi hushuka ukiipa nafasi.

Tano, kumwambia mtu mmoja. Sisi watu wa Kagera tunaujua Uamsho uliotokea Gahini, ng'ambo ya mto, na Uganda miaka ya 1930, ukavuka hata kwetu. Ndugu wale walitufundisha kutembea nuruni, yaani kutoficha udhaifu mbele ya wenzetu. Ni hazina kubwa. Ila tuseme kwa upendo: si kila jeraha lifunuliwe mbele ya kusanyiko lote. Mchague mtu mmoja au wawili wanaojua kunyamaza. Huko Marekani, tangu mwaka 1960, wako watu wenye shida hii wanaokutana kwa vikundi vidogo, kwa kufuata mfano wa vikundi vya walevi vilivyoanza mwaka 1935, kila mmoja akimtegemeza mwenzake. Kwetu hata wawili au watatu chini ya mti wanatosha.

Sita, kwenda zahanati au hospitali. Usijitapishe, usinywe dawa za kuharisha. Huharibu meno, moyo na figo. Pima damu na sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba watu wazima 9 hivi katika kila 100 wana kisukari, na wengi hawakujua. Mweleze mganga ukweli wote wa kula kwako, maana bila huo atakutibu sukari tu na kuliacha shina.

Saba, ukianguka, inuka kwenye mlo unaofuata. Usiseme, "Siku imekwisha haribika, niiharibu kabisa." Anayejikwaa njiani kwenda Murongo harudi nyumbani kuanza upya; hujipangusa vumbi, akaendelea pale pale.

Na juu ya Kwaresima: mtu mwenye shida hii azungumze na kasisi kabla ya kufunga chakula. Kwake kukaa na njaa kutwa nzima kwaweza kuwa mtego. Ziko saumu nyingine: kufunga ulimi, kufunga ugomvi, kutoa sehemu ya chakula chake kwa jirani. Pengine kwa mtu huyu kula milo mitatu kwa utulivu ndiyo saumu ngumu kuliko zote.

NENO KWA MAJIRANI

Nasi tusiougua tuna kazi yetu. Tusimcheke. Tusimtungie jina. Tusihesabu matonge yake, wala kumfungia kabati kama mtoto. Mlinzi wa nje humfundisha mtu kuwa mwizi. Akisema ameshiba, tuamini. Tusiusifu unene wala wembamba wake. Tumwulize habari za siku yake, za mashamba, za yule aliyemfia.

Tunamkumbuka nabii Eliya (1 Fal. 19). Alikimbia jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Malaika alipomjia hakuanza kwa kumkemea. Alimwamsha, akampa mkate na maji. Akalala tena, malaika akaja mara ya pili, akampa tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, na hata hayo yalikuja kwa sauti ndogo. Sisi kwa dada yetu tuliyageuza: tulianza kwa sauti kubwa, na chakula tulikiondoa.

Dada yetu amerudi kanisani. Hajapona kabisa, naye husema hivyo mwenyewe. Kuna majuma mazuri na majuma mabaya. Jioni nyingi hula nyumbani kwa jirani yake mjane, ambaye naye alikuwa akila peke yake. Jirani hajui mambo ya waganga. Kazi yake ni kuita tu: "Njoo tule." Hula, huosha vyombo, huzungumza kidogo, kisha kila mmoja hulala kwake.

Tulimwomba msamaha, naye alitusamehe. Jumapili aliporudi kwenye Meza ya Bwana, alipiga magoti katikati yetu, akanyosha mikono. Kila mmoja alipewa kipande kidogo, sawa na mwenzake, na hakuna aliyemtazama. Bwana atujalie tuwe watu wa namna hiyo siku zote za juma.